Zoetemelk alibebwa na bahati? Jibu kwa ndugu aliyetoka Kigali

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Ngara, nimelifupisha kidogo: "Kocha shikamoo. Septemba 2025 nilivuka Rusumo kwenda Kigali kuangalia mbio za dunia za baiskeli. Nikiwa nimesimama pale kwenye kilima cha mawe cha Kimihurura, mzee mmoja wa Kiholanzi akaniambia kwao kuna jamaa anaitwa Zoetemelk alichukua ubingwa wa dunia akiwa na miaka 38. Mwenzake pembeni akacheka, akasema huyo alikuwa mnyonyaji tu, maisha yake yote kajificha nyuma ya wenzake, hata Tour de France aliyochukua alipewa sababu yule Mfaransa Hinault aliumwa goti. Nani mkweli hapo? Na mi nina miaka 34, huu mwaka wa pili nakanyaga baiskeli ya mbio, ndo nimeshachelewa?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikuonee wivu kidogo, we ulisimama Kimihurura ukawaona akina Pogačar wanapita na mi nilikuwa nyumbani na simu inakata kata bando. Haya. Wale wazee wawili wote wamesema kweli, ila wa pili kasema nusu akaacha nusu, na hiyo nusu aliyoiacha ndo tamu.

Jina lake Joop Zoetemelk, linatamkwa Yop Zutemelk, na kwa Kiholanzi maana yake ni maziwa matamu, yaani maziwa freshi, sio mtindi. Vijana wangu wa huku Usukumani nikiwaambia hivo hawalisahau tena. Kazaliwa The Hague tarehe 3 Desemba 1946, kakulia kijiji kinaitwa Rijpwetering, nchi tambarare ile, maji kila upande, hakuna hata kichuguu. Kabla ya baiskeli alikuwa fundi seremala, na wakati wa baridi mifereji ikiganda anateleza kwenye barafu na viatu vya chuma, na huko nako alikuwa moto. Mwaka 1968 akaenda Olimpiki ya Mexico na wenzake watatu, mbio za timu za kilomita 100 dhidi ya saa, wakarudi na dhahabu. 1970 akaingia kwenye mbio za kulipwa, na Tour de France yake ya kwanza kabisa, zile mbio za Julai za wiki tatu, kila siku hatua moja na muda unajumlishwa, akamaliza wa pili nyuma ya Mbelgiji Eddy Merckx. Mwaka uliofuata wa pili tena, Merckx tena.

Sasa hapo ndo jina la mnyonyaji lilipoanzia. Kulikuwa na utani kule Ulaya: unajua kwa nini Zoetemelk anatoka kwenye Tour ya jua kali la Julai akiwa mweupe vilevile? Kwa sababu wiki tatu zote alikuwa kwenye kivuli cha Merckx. Utani mzuri, hata mi huwa nacheka. Lakini ngoja nikueleze jambo moja kuhusu huo unyonyaji, maana watu wengi wanaongea hawajawahi kukanyaga.

We unajua wale jamaa wanaobeba mkaa barabara ya Shinyanga kwenda Kahama, likipita lori taratibu wanalidandia kwa nyuma, sio kwa kushika, kwa kukaa tu kwenye ule uwazi nyuma yake, ghafla baiskeli inakuwa nyepesi kama haina gunia. Ule ni upepo umekatwa. Kwenye tambarare ukienda kilomita 40 kwa saa, sehemu kubwa kabisa ya nguvu zako inaliwa na hewa, kwa hiyo anayekaa nyuma ya tairi ya mwenzake anaokoa nguvu nyingi, robo na zaidi. Hapo sawa, mnyonyaji anafaidi. Lakini mlimani je? Mlima wa asilimia nane mnapanda kilomita 18 au 20 kwa saa, hewa haina tena kazi kubwa, adui ni uzito wako na mwinuko ulio mbele yako, na pale kukaa nyuma ya Merckx hakukupunguzii kitu cha maana. Kama umekaa nae mpaka juu ni kwamba miguu yako inaweza kukaa nae. Full stop. Na Zoetemelk watu alikuwa anakaa nao mlimani, huko tambarare kila mtu anakaa nyuma ya kila mtu, nani asiyenyonya?

Tena mlimani hakuishia kukaa. Alpe d'Huez, ule mlima wa kona 21 na karibu kilomita 14 za kupanda, kashinda mara mbili, 1976 na 1979. Na Waholanzi waliugeuza ule mlima kuwa wa kwao, ukipita Julai siku ya Tour kuna kona moja utadhani uko Amsterdam, machungwa matupu, muziki, bia. Puy de Dôme pia kashinda mara mbili. Nchi isiyo na kilima inatoa wapanda milima, watu wanashangaa, mi sishangai sana. Upepo wa kule baharini ni mlima wa kulala, unakanyaga masaa mawili kichwa chini unasukumana nao, na hauna kilele useme sasa nateremka.

Ila kosa lake nalikubali, asiwe malaika hapa. Alikuwa mtu wa kuhesabu. Merckx akiondoka yeye anafuata, haondoki yeye kwanza. Hana papara, hana maneno, waandishi walikuwa hawapati kitu kwake. Mashabiki wanapenda mtu anayejilipua akafia njiani kuliko anayefika wa pili kila mwaka na nywele zimechanwa. Na kweli alifika wa pili Tour mara sita, 1970, 1971, 1976, 1978, 1979 na 1982. Mara sita! Mbili kwa Merckx, moja kwa Mbelgiji Van Impe, tatu kwa Hinault. Angalia sasa bahati mbaya ya kuzaliwa, Merckx kachukua Tour tano, Hinault kachukua tano, na huyu kabanwa katikati yao kama yule abiria wa katikati kwenye siti ya nyuma ya noah.

Na katikati hapo kuna 1974, ambayo wasimuliaji wengi wanairuka. Mbio za Midi Libre, kusini mwa Ufaransa, wanaingia kumalizia mji wa Valras-Plage, kuna gari limeachwa sehemu lisipotakiwa, akalivaa. Fuvu likapasuka. Alikaribia kufa kabisa. Msimu uliofuata karudi, kashinda mbio za Paris–Nice, halafu akashikwa na homa ya uti wa mgongo, ile ya kwenye ubongo, na bado Julai akaenda Tour akamaliza wa nne. Toka ile ajali ulimi wake haukuwahi kuonja chakula sawasawa tena. Mtu anakula makaroni wiki tatu hayana ladha, anakanyaga. Sasa we mwite mnyonyaji.

Tuje kwenye 1980 sasa, maana ndo roho ya swali lako.

Zoetemelk alikuwa ametoka timu za Kifaransa akahamia TI-Raleigh, timu ya Waholanzi chini ya Peter Post, mzee mmoja mkali wa amri, timu ya mbio dhidi ya saa kama mashine ya kusaga. Tour ikaanzia Frankfurt, Ujerumani. Hinault katoka kuchukua Giro, mbio za Italia, yuko kwenye ubora, akashinda hatua ya mwanzo, kisha kule kaskazini siku ya mvua na barabara za mawe kuingia Lille akachomoka na Mholanzi Hennie Kuiper, akashinda tena. Lakini goti. Mvua, baridi, mawe, giya nzito, goti likaanza kulalamika. Hatua ya kukimbia peke yako ya Laplume, ambayo kwa kawaida ni chakula cha Hinault, akashinda Zoetemelk. Hinault akavaa njano siku hiyo, jezi ya anayeongoza mbio, lakini sura haikuwa ya mtu aliyevaa njano. Siku iliyofuata wakafika Pau, mguuni mwa milima ya Pyrenees, na usiku Hinault akaondoka. Katoka na jezi ya njano, kimyakimya, waandishi wameshaenda kula.

Unajua walikuwa wameachana kwa muda gani? Sekunde 21. Yaani Zoetemelk alikuwa wa pili, sekunde 21 nyuma, na milima yote mikubwa bado haijaanza. Hapo ndo naposema yule mzee wa pili kakuacha nusu njia, kakusimulia kama vile Hinault alikuwa mbele robo saa akaanguka mlangoni.

Asubuhi yake wakampa Zoetemelk njano, akakataa kuivaa kwa hatua hiyo. Akakimbia na jezi yake ya kawaida mpaka Luchon, akaivaa baada ya hapo. Mi hicho kitendo nakipenda kuliko ushindi wenyewe. Kisha kwenye Alps, njiani kupanda Pra Loup, mchezaji wa timu yake mwenyewe, Johan van der Velde, kijana, akayumba mbele yake akamwangusha, akainuka mkono unavuja damu akaendelea. Na kule Saint-Étienne hatua nyingine ya peke yako dhidi ya saa, akashinda tena. Mbio dhidi ya saa ndugu yangu hakuna tairi ya kujificha nyuma yake, barabara yote ni yako na upepo wote ni wako, na mnyonyaji kashinda mbili kwenye Tour moja. Paris kafika mbele ya Hennie Kuiper kwa dakika 6 na sekunde 55.

Hinault angekuwa mzima angeshinda? Ukiniuliza mi kwenye kijiwe ntakwambia ndio, hela yangu ningeiweka kwa Hinault, na Agosti mwaka uleule goti limepona akaenda Sallanches akachukua ubingwa wa dunia kwa kuwatesa watu. Lakini goti ni sehemu ya baiskeli. Ukivunja spoku tunasema umevunja spoku, hatusemi mwenzio kapewa. Hinault goti lake alilichosha mwenyewe kwa kupiga giya kubwa kwenye baridi, na Zoetemelk goti lake alilitunza. Tour ni siku ishirini na kitu za kutokuharibika.

Na kama tunahesabu alizopewa tuhesabu na alizonyang'anywa basi. 1978 kavaa njano, tena kwa kisa cha ajabu: Mbelgiji Michel Pollentier kashinda Alpe d'Huez, kachukua njano, kaenda kupimwa mkojo, wakamkuta ana kimpira kwapani chenye mkojo mwingine na mrija umeshuka chini mpaka huko. Kafukuzwa siku hiyohiyo. Njano ikaenda kwa Zoetemelk, akaishika mpaka hatua ya saa kuelekea Nancy, Hinault akampokonya.

Nimetaja mkojo, basi tusifiche na mengine. Zoetemelk mwenyewe kakutwa na dawa kwenye Tour mara tatu, 1977, 1979 na 1983. Zama hizo adhabu ilikuwa kuongezewa dakika kumi unaendelea na safari, leo hii ungekaa nje miaka. Hiyo ya 1979 ina kituko chake. Siku ya mwisho kuingia Paris, siku ambayo kwa desturi watu wanapiga picha na glasi za shampeni na hakuna anayeshambulia, Zoetemelk akachomoka. Wa pili anamshambulia wa kwanza siku ya mwisho! Hinault na njano yake akamfuata, wakaingia Champs-Élysées wawili peke yao, Hinault akampiga sprinti. Tofauti ikawa dakika 3 na sekunde 7, na baadae zikaongezwa zile kumi za dawa zikawa 13 na 7. Na bado alibaki wa pili, kwa sababu wa tatu, Mreno Agostinho, alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika 26. Sasa mtu aliyesema huyu hajawahi kushambulia amwangalie hiyo siku. Na mtu anayesema alikuwa msafi nae aangalie hiyohiyo siku. Mwaka huohuo wa 1979, mapema, alikuwa amechukua Vuelta ya Hispania.

Haya, ubingwa wa dunia. Septemba 1, 1985, Giavera del Montello, Italia. Zoetemelk ana miaka 38 na miezi karibu tisa, na wenzake kwenye kundi wengine walikuwa shule ya msingi wakati yeye anamaliza wa pili kwa Merckx. Nyumbani kwao Waitaliano wanamtaka Moreno Argentin. Marekani kuna Greg LeMond, miaka 24, kashika pili kwenye Tour Julai hiyo. Mbio zimeisha isha, kundi dogo la wakubwa limebaki, wanajua itaamuliwa kwa sprinti, kila mmoja anamtazama mwenzake nani ataanza.

Mle ndani kuna mzee amekaa kimya nyuma, hakuna anayemtazama. Kwa sprinti hana kitu, anajua, wao pia wanajua. Zikiwa zimebaki kama kilomita moja na kidogo akatoka pembeni, akaenda. Hana hata ile ya kusimama kwenye pedali kwa vurugu, kaenda tu. Na wale nyuma, hii ndo hesabu: LeMond akimfukuza mzee, Argentin atamnyonya LeMond na kumpiga mwishoni; Argentin akimfukuza mzee, LeMond nae vilevile. Kila mmoja akasubiri mwingine afanye kazi. Sekunde mbili tatu za kutegeana. Zoetemelk kavuka mstari sekunde tatu mbele, LeMond wa pili, Argentin wa tatu. Mtu aliyeitwa mnyonyaji miaka kumi na tano kawapiga kwa sababu anaujua unyonyaji kuliko wao, anajua hasa wakati gani hakuna atakayekubali kuwa wa mbele.

Mpaka leo hakuna mwanaume aliyechukua jezi ya upinde wa mvua ya mbio za barabara za kulipwa akiwa mzee kuliko yeye. Kigali Pogačar kaichukua na 27, yaani angesubiri miaka kumi na moja mingine ndo afikie.

Na mzee hakuishia hapo. Aprili 1987, ana miaka 40, kashinda Amstel Gold, mbio kubwa ya kwao Uholanzi, kisha mwisho wa mwaka ndo akatundika. Tour alizoanza ni 16 na alizomaliza ni 16, hakuna hata moja aliyoshuka kwenye baiskeli, zaidi ya kilomita 60,000 za Julai peke yake. Hapo ndo penye ukubwa wake kwangu mimi, kuliko hata 1980. Hinault alikuwa mkali kuliko yeye, Merckx usiseme, lakini hakuna aliyekuwa anafika kama huyu. Baadae akakaa Ufaransa, Meaux, karibu na Paris, na mkewe wakawa na hoteli. Na Waholanzi mpaka sasa upande wa wanaume Tour wana washindi wawili tu, Jan Janssen 1968 na yeye 1980. Dumoulin 2018 aliishia wa pili. Wanawake wao ndo wamefanya mambo, Van Vleuten 2022 na Vollering 2023.

Sasa wewe na 34 zako. Ubingwa wa dunia nikikwambia bado nitakuwa nakudanganya, maana Zoetemelk wa 38 alikuwa na miaka ishirini ya kilomita kwenye miguu na wewe una miwili. Lakini mbio za wilaya na kanda ndugu yangu, umri wako ndo wenyewe, pumzi ya mwendo mrefu haipotei haraka, kinachopotea kwanza ni ule mlipuko wa sprinti, kwa hiyo usisubiri sprinti na vijana wa miaka 20, utaliwa. Ondoka mapema kama yule mzee, wakati wanatazamana. Na uanze kujifunza kukaa nyuma ya tairi, sentimita thelathini bila kugusa breki, macho yawe mgongoni kwa mwenzio sio kwenye tairi lake, wengi hapa kanda ya ziwa wana miguu ya ng'ombe lakini wanakaa pembeni kwenye upepo kilomita 80 halafu wanashangaa wamekufa.

Uliniandikia chini kabisa kwamba goti la kulia linauma kwa mbele ukimaliza safari ya Benaco. Hapo usifanye ya Hinault. Maumivu ya mbele mara nyingi siti iko chini mno. Kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke bila kiuno kuyumba. Kama goti bado limekunjwa pandisha siti milimita tano, endesha wiki moja, sikiliza, usipandishe sentimita mbili kwa siku moja. Na ile giya kubwa ya mbele unayojivunia kwenye picha, ipumzishe mpaka goti likae kimya, kanyaga nyepesi nyepesi mizunguko 90 kwa dakika. Likiendelea baada ya wiki mbili nenda kamuone daktari, usijipake dawa ya ng'ombe kama yule mwenzenu. Ukipita Shinyanga njoo nayo baiskeli niipime.